Toleo la Saba

"Maziwa yamechacha."

Sauti ya Mzee Mikidadi, mkuu wa operesheni, ilipasua sikio la Najat ndani ya helmeti.

Najat alikaza mkono wa mafuta. Pikipiki yake ya BMW ikanguruma, ikalipita lori la saruji pale Ngaramtoni.

"Nani kayachachisha?"

"Hans."

Najat aliuma meno. Hans alikuwa mshauri wa ubunifu, mpangaji wa nyumba ya ghorofa kule Njiro. Kwa miezi kadhaa aliisaidia karakana moja ya Kimandolu kutengeneza sanduku la kupoza chanjo kwa nguvu ya jua.

"Tumenasa ujumbe wake kwa mabosi zake ng'ambo," Mikidadi aliendelea. "Anasema, 'Ubongo ninao. Leo kifaa chao kitakufa hadharani.' Yuko kwenye Prado nyeupe. Muwahi Namanga kabla hajavuka mpaka, na ubongo urudi mzima."

Ubongo. Kile kibao cha umeme kinachotawala baridi ya sanduku.

"Mzee, leo karakana wanalijaribu sanduku Oldonyo Sambu. Kwa chanjo halisi."

"Nenda Namanga!"

"Mtu anayesema hadharani anataka kuona kwa macho yake."

Alikata simu.

Alimpigia Eunike, mbunifu wa sanduku. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

Upepo wa Meru ulimchapa kifuani. Akaiacha lami, vumbi likapanda.

Prado nyeupe ilikuwa imeegeshwa nyuma ya zahanati.

Mbele, akina mama wa Kimasai walikaa na watoto mapajani. Sanduku, toleo la saba, lilikuwa juu ya punda. Toleo la kwanza lilikuwa zuri kwa macho, lakini akina mama walilikataa, halibebeki. Eunike akahamia kwao, akala nao, akatazama wanavyoteka maji. Akarudi Kimandolu kuchora upya, sanduku likae mgongoni mwa punda.

Nesi alikuwa tayari na sindano.

Hans alikuwa ameshika kamera.

"Simamisha!" Najat alipaza sauti.

Eunike aligeuka, amekunja uso. "Dada, vipi? Kioo kinasoma nyuzi nne. Baridi safi."

Najat alichomoa kipimajoto chenye umbo la bastola, akakielekeza kwenye chupa za chanjo.

Nyuzi kumi na tisa. Chanjo haitakiwi kuvuka nane.

Nesi akaweka sindano chini. Mama mmoja akamvuta mwanawe kifuani.

"Kioo kinadanganya," Najat alisema. "Hili ni sanduku bandia, Hans kalibadilisha. Angesubiri watoto wachache wachomwe, kisha apime mwenyewe mbele ya kamera. Nani angewanunulia tena? Halafu mabosi zake waliuze la kwenu kwa jina lingine."

Kamera ikaanguka.

Hans alikuwa anakimbia.

Najat alimfikia kwenye Prado, bastola ya Glock mkononi. Ndani, kiti cha nyuma, lilikaa sanduku halisi. Hans alikuwa ameinua kibao cha kijani, ule ubongo, juu ya jiwe.

"Hatua moja tu, naupasua! Hakuna mwingine duniani!"

Najat aliganda. Amri ilikuwa ubongo urudi mzima.

Eunike akatokea nyuma yake, anahema.

"Pasua," alisema.

Hans alimkodolea macho.

"Pasua, kaka. Wa kwanza uliungua. Wa tatu uliingia maji. Kila ulipokufa tulijua pa kurekebisha. Huo ukifa, kesho asubuhi tunaanza toleo la nane."

Mkono wa Hans ulisita.

Ilitosha. Teke la Najat lilitua kwenye kiwiko chake. Kibao kiliruka, Eunike akakidaka kwa kanga. Hans akala vumbi, goti la Najat mgongoni, pingu zikalia.

Chanjo iliyoharibika ilitengwa. Nesi akaagiza nyingine kutoka mjini, na Eunike akarudisha kibao mahali pake. Ilipowasili, sanduku halisi lilikuwa limepoa. Akina mama hawakuondoka.

Simu ikaita.

"Umefika Namanga?"

"Sijafika, Mzee. Hans yuko hapa, ana pingu mikononi. Tuma gari."

"Tutaongea ofisini."

"Sawa, Mzee."

Askari walipomchukua Hans, mtoto wa kwanza alipiga kelele ya sindano, na mama yake akacheka. Eunike alimfuata Najat hadi kwenye pikipiki.

"Dada, kwani wewe unafanya kazi wapi?"

Najat alivaa helmeti.

"Utafiti wa soko."

Akawasha BMW, akashuka taratibu kuelekea mjini.