Mapovu ya Rejeta

Karakanani walikuwepo watatu: fundi wa rejeta, ambaye hata mkewe humwita Moshi; shemeji yake, ambaye ni mpiga rangi; na rafiki yangu, mpiga chapa mstaafu, aliyenisimulia haya. Rejeta ilikuwa ya gari la zamani la kaka yake mpiga chapa, mgonjwa wa pumu, aliyetamani kulipanda mara moja tena kabla hajafumba macho.

Mpiga chapa hakubanduka, akihofia rejeta yao ya shaba ingebadilishwa. Moshi aliziba midomo yote miwili ya rejeta, akaizamisha pipani, akafunga mlango ili aone mapovu kwa tochi. Gizani, kabla ya kujaza upepo kwa pampu, maji yakaanza: blu, blu, blu, kimya kirefu, kisha tena.

"Fundi, usinichezee shere. Pampu umeificha wapi?"

"Ile pale ukutani, mzee. Labda shemeji anapuliza kwa pua!"

"Mimi nimeshika tochi," akasema mpiga rangi, wala hakucheka.

Mpiga chapa alipapasa kulizunguka pipa, asiguse mpira wowote wa upepo. Mwendo ule wa mapovu aliujua; mwezi mzima alikuwa akiusikiliza katika pumzi za kaka yake, kando ya kitanda chake.

"Ngoja, usiizibe."

"Mzee, umeniletea niizibe au niitazame?"

Moshi akaiinua, akaikausha, akaliziba tundu lililotoa mapovu kwa lehemu, akaizamisha tena. Maji yalitulia tuli. Mpiga chapa alitazama saa yake: nne na robo asubuhi.

Adhuhuri binti wa kaka yake alifika mlangoni na habari. Baba yake alikuwa amefariki saa nne na robo.