Mguu Usiofungwa

Hebu fikiria chumba kidogo cha hospitali, asubuhi, dirisha liko wazi, na kitandani amelala mama mmoja anayenuka majivu yaliyomwagiwa maji, ingawa bintiye amemwogesha kwa mikono yake muda si mrefu.

Daktari wa usingizi alikuwa akiisikia harufu hiyo kwa mara ya tatu. Sonona ilimgeuzia mama huyo uso ukutani miezi minne. Hasemi, chakula hagusi. Walimtibu kwa umeme akiwa usingizini, ili apate degedege la nusu dakika hivi. Dawa ililegeza mwili wote, isipokuwa mguu mmoja walioufunga kwa mkanda wa presha kifundoni ili dawa isiufikie. Mguu huo ndio uliotikisika, wao wakihesabu. Mara zote mbili zilizopita ulitulia baada ya sekunde kumi.

"Ni hii dawa yangu nyeupe ya usingizi," daktari alimnong'oneza muuguzi. "Inalaza vizuri mno. Inalikata degedege mapema."

"Si ubadilishe, dokta? Umeioa?"

"Ile nyingine huleta ndoto za kutisha. Namwonea huruma."

"Nipe nyeupe, mwanangu."

Sauti ilikuwa laini, ya mtu anayebembeleza mtoto. Ilitoka kwa mama, na midomo yake ilikuwa imefungwa.

Muuguzi akarudi nyuma mpaka ukutani. Daktari akaelewa kuwa siku zote zile alikuwa akikihurumia kilichokaa ndani ya mama, si mama mwenyewe, akaiweka kando sindano nyeupe, akachukua ile nyingine, akaanza kuisukuma mshipani, na harufu ya majivu ikapanda ikamjaa kooni, na sauti ikamwita kwa jina la utotoni alilojua marehemu mama yake peke yake, ikilia, ikiomba, mpaka dawa ikaisha kwenye bomba na sauti ikakatika.

Mguu uliofungwa ulitikisika sekunde arobaini. Harufu ikatoweka.

Mama alipozinduka alimshika bintiye shavu. "Mbona umekonda hivi, we mtoto?"

"Nilikuwa nakuiga wewe, mama," binti akasema, akicheka na kulia.

Daktari hakuwaambia alichokiona. Harufu ilipotoweka, ule mguu mwingine, uliolegezwa, usioweza kusogea, uliinua kidole gumba polepole, ukamwelekezea yeye.

Juma lile lile mkewe alimkuta amelala mchana, uso ukutani, shuka zikinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Baba watoto, una nini?"

"Sina kitu," akajibu. Mkewe akafunga mlango taratibu, mumewe apumzike.

Nawe, ukiwa na mtu wako aliyenyamaza, tafadhali kumbuka hili moja: usiufunge ule mlango.