Kinyozi na Baba Kasuku

Kinyozi alikuwa na duka la chumba kimoja. Ndani kulikuwa na kiti cha kuzunguka, kioo kirefu ukutani, na benchi la wateja karibu na mlango. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka hilo hilo. Mkewe akikaanga vitunguu, wateja wote walimeza mate. Watu walimpenda kwa mkono wake mwepesi na maneno yake yasiyokauka. Mtu aliweza kwenda pale kunyolewa na akatoka na habari za mtaa mzima.

Kinyozi alikuwa na binti mmoja, wa darasa la tatu. Walimwita Kidoti, kwa sababu ya alama ndogo nyeusi shavuni. Rafiki yake mkubwa aliitwa Kasuku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Kasuku alikuwa binti wa fundi bomba wa mtaa wa pili. Watoto hawa wawili walikuwa kama pete na kidole. Walikaa dawati moja. Walikwenda shule pamoja na kurudi pamoja. Hata kikohozi kilimshika mmoja leo na mwenzake kesho.

Basi Ijumaa moja Kidoti alirudi peke yake. Aliweka mkoba chini na kusimama katikati ya duka. Macho yalikuwa mekundu.

"Kuna nini, mama?" baba yake aliuliza.

"Kasuku hanitaki tena. Amehama dawati. Amewaambia wenzetu wasicheze na mimi. Leo nimekaa peke yangu mapumziko yote."

Kinyozi alizima mashine. Alimwona mwanawe katika mawazo yake, amekaa peke yake kando ya ukuta, na wenzake wanaruka kamba. Moyo ulimuuma. Halafu damu ikamchemka.

"Kesho baba yake anakuja kunyolewa," alisema. "Atanieleza vizuri."

"Lakini baba..."

"Hakuna cha lakini. Kanawe uso."

Kidoti alikuwa na jambo la kusema. Alilimeza, akaenda kunawa.

Kesho yake asubuhi fundi bomba alifika, kama kawaida yake. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye nywele nyingi zilizojaa kama kichaka. Alikaa kitini akafumba macho.

"Ninyoe zote," alisema. "Ning'ae kama mbalamwezi."

Kinyozi hakucheka. Alimfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Alinyoa upande wa kulia, kimya. Watu wawili waliokuwa kwenye benchi walitazamana. Kinyozi kunyamaza! Lazima kuna jambo.

Alipofika katikati ya kichwa, kinyozi alishindwa kujizuia.

"Baba Kasuku, hivi nyumbani kwako mtoto hafundishwi adabu?"

Fundi bomba alifumbua macho. "Umesemaje?"

"Binti yako anamtenga mwanangu. Anawakataza watoto wasicheze naye. Hiyo ni tabia gani?"

"Tabia?" Fundi bomba aligeuka kitini. "Muulize kwanza wako amefanya nini! Wangu alirudi analia Alhamisi. Nimenyamaza kwa heshima yako tu."

"Wangu hana kosa!"

"Wako ndiye chanzo!"

Sauti zilipanda. Wapita njia walisimama mlangoni. Mwishowe fundi bomba akainuka.

"Nilikuja kunyolewa, sikuja kuhukumiwa."

"Kaa nimalize."

"Na hasira hizo, na mashine hiyo mkononi? Si utaninyoa na masikio!"

Akatoka, kitambaa kikining'inia shingoni. Upande wa kulia wa kichwa chake uling'aa. Upande wa kushoto kichaka kilikuwa pale pale.

Mtu mwingine angetafuta kofia. Mwingine angeingia duka la kinyozi wa pili amalizie. Lakini fundi bomba alikuwa mbishi. Mkewe alimsihi, "Baba Kasuku, ondoa hiyo aibu." Alikataa katakata. "Waache waone kazi ya rafiki yangu." Jumamosi nzima na Jumapili nzima alitembea hivyo hivyo, mkoba wa spana begani. Kila aliyeuliza alijibiwa, "Kamuulize kinyozi."

Naye kinyozi hakuwa nyuma. Alimwita Kidoti, akamwambia, "Kuanzia leo usimsogelee Kasuku. Hata salamu usimpe."

Kidoti aliinamisha kichwa.

Jumatatu Kidoti alirudi kutoka shule analia kuliko Ijumaa. Alipita dukani bila salamu, akaingia ndani, akajitupa kitandani. Bahati nzuri, jioni ile alikuwepo shangazi yake, dada mkubwa wa kinyozi. Mama huyu alifanya kazi ofisi ya ustawi wa jamii. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kukaa na wazazi waliogombana na kuwasaidia waelewane. Alikuwa na sauti nzito na kicheko kikubwa. Alipopata habari ya kichwa cha fundi bomba alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini aliposikia kilio cha mtoto, aliacha kucheka.

Alikwenda akaketi ukingoni mwa kitanda. Kinyozi alisimama mlangoni.

"Nieleze, mwanangu," alimwambia mtoto kwa upole. "Sina haraka."

"Shuleni wanamcheka Kasuku," Kidoti alisema kwa kwikwi. "Wanamwita binti wa Nusu Kichwa. Amelia. Nilitaka kwenda kumshika mkono, lakini baba amenikataza."

Kinyozi alihisi kama amemwagiwa maji baridi.

"Na ugomvi wenu ulianzaje?" shangazi aliuliza.

"Alihama dawati Ijumaa."

"Kabla ya hapo kulitokea nini?"

Kidoti alivuta shuka mpaka puani. Shangazi alingoja, wala hakumharakisha.

"Alhamisi nilisema siri yake," Kidoti alisema polepole. "Aliniambia mimi tu kwamba bado ananyonya kidole akilala. Nikawaambia wenzetu. Wakacheka. Sikujua wangecheka sana vile."

"Mbona hukuniambia haya?" kinyozi aliuliza.

"Nilitaka, baba. Ukasema hakuna cha lakini."

Kinyozi alitoka, akaenda kufunga duka.

Baadaye kaka na dada waliketi dukani, dada kwenye kiti cha kuzunguka.

"Ulikosea wapi?" dada aliuliza.

"Kumfokea Baba Kasuku mbele ya watu."

"Hilo ni la pili. La kwanza hukumsikiliza mtoto mpaka mwisho. Ulisikia machozi, hukusikia habari. Na hakukudanganya, mwanao. Mtoto akiumia husimulia pale palipomuuma. Vivyo hivyo Kasuku kwao. Kila mzazi akapewa kipande chake, akaenda nacho vitani."

"Lakini dada, mwanangu alikuwa anatengwa! Ningenyamaza?"

"Hapana. Ungemsikiliza, ungemkumbatia, halafu ungemuuliza, unataka kufanya nini? Watoto wa umri huu hugombana leo na kupatana kesho. Hapo ndipo wanapojifunza kuomba radhi na kusamehe. Mkubwa akiingia mbio mbio, anawanyang'anya nafasi hiyo."

"Na wasipopatana?"

"Ukiona wanapigana, au kuna vitisho, au mtoto anatengwa siku baada ya siku mpaka hataki shule, hapo usingoje. Nenda kwa mwalimu wa darasa. Lakini usiende kumkaripia mtoto wa mwenzako. Ongea na mkubwa mwenzako, mkiwa wawili, hasira ikiwa imeshuka. Usimpelekee maneno kwenye kikundi cha wazazi cha simu, wala usimkabili mbele ya wateja."

"Nikianza kuongea nitasema nini?"

"Sema ulichokiona wewe, kisha uliza. Sema, mwanangu alirudi analia, nisaidie kuelewa. Ukimwambia mtu mwanawe hana adabu, atapigania heshima yake. Ukimwomba msaada, ataketi nawe."

Kinyozi alijikuna kidevu. "Basi kesho nitakwenda. Nitachukua na mashine nimalizie kile kichwa."

"Mashine iache hapa!" dada alisema. "Ukiingia nayo atadhani unaona aibu ya kazi yako tu. Nenda mikono mitupu. Omba radhi kwanza."

Kinyozi akamwendea Kidoti. Aliketi sakafuni ili wawe sawa.

"Nilikukatiza mwanangu, na nikakukataza rafiki yako. Nimekosea. Kesho ukitaka kumsalimia Kasuku, msalimie."

"Hata kumshika mkono?"

"Hata mkono."

Jumanne alasiri kinyozi alifunga duka mapema. Alimkuta fundi bomba uani kwake, amepiga magoti, anakaza mfereji uliokuwa ukivuja. Kichwa kilikuwa bado nusu kwa nusu. Kinyozi aliuma mdomo asicheke.

"Hodi, Baba Kasuku."

"Karibu," fundi bomba alijibu bila kugeuka.

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikufokea mbele ya watu, nawe ulikuwa umekuja kwangu kama mgeni. Halafu nilisema kitu nisichokijua. Mwanangu alirudi analia, nami nikashika moto. Nimekuja unisaidie kuelewa, kwenu mambo yalikuwaje?"

Fundi bomba aliweka spana chini. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Wangu naye alilia," alisema. "Alisema Kidoti amemfanya achekwe. Hakuniambia kwamba alikuwa amewakataza wenzake wasicheze na Kidoti. Hilo nililisikia kwako, nikadhani unamsingizia. Jana nikamuuliza. Akakubali."

"Basi wote wawili wameumizana."

"Wameumizana." Fundi bomba alijipapasa kichwa, upande wa kichaka. "Na mimi nimezidisha. Nilitaka wewe ndiye uchekwe. Kumbe aliyechekwa ni mwanangu. Sasa anarudi peke yake; jana nilitaka kumchukua shuleni, akanisihi nisiende. Mimi, baba yake!"

Mfereji ulidondosha tone, halafu jingine.

"Kwa hiyo," fundi bomba aliuliza, "mashine iko wapi?"

"Dada yangu amenikataza kuja nayo."

Fundi bomba alimtazama. Kisha akaanza kucheka, tumbo likatikisika. Kinyozi naye akashindwa kujizuia. Walicheka mpaka mama Kasuku akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona kuna nini.

"Mungu mkubwa," alisema. "Sasa mchukue, shemeji, kabla hajabadili nia!"

Wakaongozana dukani. Kasuku alifuatana nao, mkono mmoja ameshika suruali ya baba yake. Kidoti alikuwa mlangoni. Watoto wale walitazamana.

Kinyozi alitaka kusema jambo. Fundi bomba alimgusa bega. "Waache," alinong'ona. Wakaingia ndani, wakajifanya wanatafuta kitambaa.

Nje, Kidoti alitangulia. "Nisamehe nilisema siri yako. Sitasema tena. Na mimi nitakuambia yangu, ili tuwe sawa. Naogopa jongoo."

"Hiyo si siri," Kasuku alisema. "Darasa zima linajua."

"Basi naogopa na kuku."

Kasuku alimeza kicheko. "Kuku?"

"Jogoo. Yule wa jirani."

"Sitamwambia mtu," Kasuku alisema. "Nami nisamehe. Niliwakataza wasicheze nawe, halafu na mimi nikakosa wa kucheza naye." Kisha maneno yakamtoka kama kawaida yake, ya siku tano zote, bila kupumua.

Robo saa baadaye fundi bomba alitoka na kichwa kinachong'aa pande zote. Siku iliyofuata alikwenda kumchukua Kasuku shuleni, naye Kasuku alimkimbilia tangu getini.

Msidhani watoto wale hawakugombana tena. Waligombana kabla mwezi haujaisha. Paka alizaa nyuma ya duka la kinyozi, na mtoto mmoja wa paka, mweupe pepe, walikubaliana awe wa wote wawili. Jina ndilo likawa tatizo. Kidoti alitaka Sukari. Kasuku alitaka Waziri. Walitupiana maneno, kila mmoja akaenda kwao amenuna.

Simu ya kinyozi ililia.

"Wangu amerudi amevimba," fundi bomba alisema. "Wako je?"

"Amejifungia chumbani. Ananiambia Kasuku ana kiburi."

"Umeuliza kabla ya hapo kulitokea nini?"

"Nimeuliza. Kumbe wangu ndiye aliyeanza, kwa kumvuta paka mkia. Nimemwuliza anataka kufanya nini, akasema atafikiri."

"Wangu naye anafikiri. Tufanyeje?"

"Tungoje kesho?"

"Tungoje."

Asubuhi yake kinyozi alikuwa anafagia mlangoni. Kasuku alifika na mkoba wake mgongoni, akapita bila kumwona. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya duka. Kidoti alitoka mbio, kifungua kinywa bado mdomoni. Kinyozi aliegemea ufagio akatega sikio. Zilisikika sauti mbili, kisha kimya, kisha vicheko. Walitoka wameshikana mikono, wakaenda shule.

Akampigia rafiki yake.

"Wamepatana."

"Haraka hivyo? Nilikuwa sijamaliza kupanga maneno! Na paka wamempa jina gani?"

"Waziri wa Sukari."

Upande wa pili wa simu spana ilianguka sakafuni, na kicheko cha fundi bomba kikajaa duka zima.