Kata ya Kwanza

Samaki wa Nathaniel Masele walianza kupanda juu saa sita mchana, midomo wazi, wote wameelekea geti.

Nathaniel alijua kutunza bwawa. Akapunguza chakula, akaopoa ukoga, akamwaga chokaa, akabadilisha robo ya maji. Wapi! Kila adhuhuri maji yalinuka matope ya kaburi jipya, na kata ikasikika ikichota.

"Baba Rose, umesikia?" mkewe Selina alinong'ona.

"Ni samaki."

"Samaki hawachoti maji."

Nathaniel akatazama pembeni. Bwawa lile lilijazwa na chemchemi ambayo zamani majirani wa mtaa wa Pasiansi waliteka bila kuuliza, kabla hajanunua kiwanja na kukizungushia ukuta. Bibi Ng'washi peke yake aliendelea kuja, na kata ya kwanza aliirudisha majini. "Hii ya mwenyewe," alisema. Siku moja Nathaniel, mzee wa kanisa mzima, akamfukuza: "Peleka ushirikina wako ziwani!" Bibi akaenda ziwani. Akateleza kwenye mawe, akafa. Msibani Nathaniel alikaa kiti cha mbele na kupewa soda, na aibu ya soda ile haijamtoka mpaka leo.

Selina ndiye aliyemwita Mhoja, mganga wa Nyakato. Mhoja akanusa maji, akatikisa kichwa.

"Bwawa haliumwi. Jini wa chemchemi alizoea kata yake, nawe ukamfukuza aliyempa. Mrudishie, na useme mbele ya watu ulimwambia nini yule bibi. Useme yote. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Majirani wakaja. Queen, binti wa marehemu, akasimama karibu kabisa. Nathaniel alishika kata.

"Nilimfungia geti," alisema.

"Tunajua, baba," Queen akajibu taratibu. "Kabla ya kwenda ziwani mama alituambia amekuta geti limefungwa. Hakukusema vibaya."

Kumbe bibi alimstahi! Uso ukamwaka Nathaniel, maneno yakamfika kooni, akayameza. Akamimina kata. Samaki wakazama, maji yakatakata, watu wakamshukuru Mungu. Mhoja peke yake hakushukuru.

Kesho yake adhuhuri bwawa lilikuwa kimya, samaki wametulia, na Nathaniel akakaa mezani akijiambia yamekwisha, huku Selina akimnawisha mikono kwa jagi la maji ya bomba, maji ambayo hayakuwahi kupita kwenye chemchemi ile, na bado harufu ya matope ya kaburi ikapanda kutoka kwenye beseni, ikajaa chumba, na kutoka kwenye maji yale yaliyokuwa yakimtiririka vidoleni ikatoka sauti ya mwanamume, kali, yenye dharau, sauti ambayo Selina amelala nayo miaka ishirini.

"Peleka ushirikina wako ziwani!"

Selina akatua jagi polepole.

"Baba Rose," akasema, "ulimwambia nani hivyo?"