Dawa ya Rafiki wa Kinyozi

"Si yangu, dada. Ni ya rafiki yangu," kinyozi alinong'ona, kifua chote juu ya kaunta.

"Kila anayeulizia dawa ya nguvu za kiume huwa ana rafiki," mfamasia alimjibu.

Mfamasia mwenyewe hakuwa na hamu ya utani. Chini ya kaunta lilikuwepo begi lake la nguo. Akifunga kazi anakwenda kwa shangazi yake, na harudi. Miezi sasa mumewe akipanda kitandani anageukia ukutani, simu kaificha chini ya mto. Mtu mzima haambiwi, kuna mwanamke huko. Leo alikuwa ameshika zamu ya mwenzake kwenye duka hili la mtaa wa pili, akaona afadhali, huku hajulikani.

"Nipe tu, dada, niende zangu."

"Hii haiuzwi kama peremende. Rafiki yako ana presha? Ana ugonjwa wa moyo? Anameza dawa gani?"

"Hayo nitayajuaje? Mimi namnyoa tu."

Akapiga simu, akaweka sauti kubwa.

"Kaka, dada wa dawa anauliza kama una presha."

"Ninayo," sauti ikajibu. "Nameza vidonge tangu mwaka jana. Ila hajui mtu, hata mke wangu."

Mfamasia akashika kaunta kwa mikono miwili. Sauti ilikuwa ya mumewe. Miaka yote kazini, kumbe kinyozi huyu ndiye mteja wa kwanza kusema kweli.

"Muulize kwa nini anamficha mkewe," alisema, akibana pua.

"Mke wangu ni mfamasia, ndugu yangu. Kutwa anashauri waume za watu. Arudi nyumbani akute mgonjwa mwingine? Ataniona si mwanaume."

Hasira zote zikamwisha. Alitaka kulia, na kicheko nacho kilikuwa njiani.

"Mwambie presha yenyewe huleta hayo, na pengine ni hivyo vidonge. Daktari anaweza kumbadilishia, ila asiviache kwa kichwa chake. Na hii asinunue kwa kificho. Ikikutana na dawa fulani za moyo, inamlaza mtu chini." Hapo akasahau kubana pua. "Na mkewe kafunga begi, anadhani mumewe ana mwanamke mwingine."

Mume akauliza taratibu:

"Kinyozi, huyo dada ana mwanya?"

Kinyozi akamchungulia mdomoni.

"Anao. Tena umemkaa."

"Basi nimekwisha."

Simu ikakatika. Kinyozi akanunua plasta asitoke mikono mitupu, akaondoka haraka.

Jioni, mumewe alikuwa kwenye foleni, nyuma ya bibi mwenye kikohozi. Zamu yake ikafika.

"Nina rafiki yangu," alianza, macho chini.

"Anaumwa nini?"

"Ujinga."

"Huo sina dawa yake. Ule mwingine, kesho tunaupeleka kwa daktari, mimi na wewe."

"Na leo?"

Mfamasia akalivuta begi, akampa alibebe.

"Leo ugeukie upande wangu. Ukuta umeshakuchoka."