Shahidi Mmoja, Hakuna Picha

"Sogea uone mwenyewe," Fermina alinong'ona, jicho bado liko kwenye darubini. "Kushoto, nyuma ya matete. Shingo nyeusi, mstari mweupe."

Amadeo akaiacha burito yake, chapati ya kuviringishia maharage, juu ya boneti ya gari, akaja mbio. Akachelewa. Jua lilikuwa limeshachomoza jangwani, na maelfu ya korongo waliolala wamesimama majini waliruka kwa pamoja, wakaenda zao kwenye mashamba ya mahindi.

"Sikumwona," alisema.

"Najua. Hata mwaka ule hukumwona."

Mwaka ule ni miaka mitatu iliyopita, kwenye hesabu hii hii ya ndege ya kila Krismasi, bwawa hili hili kando ya mto Rio Grande. Walikuwa wachumba. Katikati ya korongo wa kijivu wa kila siku, Fermina akamwona mgeni wa kutoka ng'ambo ya bahari. Amadeo, mkuu wa hesabu, akamkata yule ndege kwenye orodha kwa wino mwekundu mbele ya watu wote wakiwa wanakula: shahidi mmoja, hakuna picha. Fermina akavua pete, akaiweka kando ya bakuli la supu ya posole, akaondoka. Hakulia. Mwanamke gani ataolewa na mtu asiyeliamini jicho lake?

Leo wamepangwa pamoja kwa sababu tu mwenzake Fermina kashikwa na mafua.

"Picha unayo?" Amadeo aliuliza.

"Sina. Simu nimeificha kifuani, baridi hii inamaliza chaji."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo andika unachotaka, bwana mkubwa. Nilichoona nimekiona. Leo sibembelezi mtu."

Amadeo akavua glavu kwa meno. Aliandika taratibu, kisha akamgeuzia daftari.

*Korongo mgeni, mmoja. Aliyemwona: Fermina Trujillo. Mimi sikumwona. Namwamini aliyemwona.*

Chini yake, saini.

"Watakucheka, Amadeo. Mkuu mzima."

"Wacha wacheke. Ningeandika hivi mwaka ule, saa hizi ningekuwa na mke."

Fermina alimtazama, na hasira aliyoitunza miaka mitatu akaitafuta asiione. Alimpenda huyu mtu. Hakuwahi kuacha.

Simu ikatetemeka kifuani. Ujumbe kwenye kundi la wahesabu ndege: *"Jamani, korongo wa shingo nyeusi katua huku shambani. Picha tunazo kumi!"*

Fermina akausoma mara mbili, akairudisha simu mahali pake.

"Nani huyo?" Amadeo aliuliza.

"Watu wa shambani. Pete yangu uliipeleka wapi?"

Amadeo akafungua kasha la darubini yake, akatoa kitambaa cha kufutia vioo, akakikunjua. Pete ilikuwa humo.

"Haijawahi kutoka humu," alisema.

"Basi nivishe kabla vidole havijaganda," Fermina akasema, akinyoosha mkono. "Halafu nikuonyeshe picha."