Konda wa Safari ya Dodoma

Chanika ukitaka kusafiri kimyakimya, huwezi. Mwambie jirani mmoja asubuhi, jioni utakuta mtaa mzima umeshakufungia mizigo. Huyu ana dagaa za dada yake. Yule ana nazi za mkwewe. Na kukataa? Thubutu! Watasema umenunua gari, umeanza maringo.

Hayo ndiyo yaliyomkuta Anjelina, mke wa Ferdinand fundi seremala. Siku hiyo alikuwa anafua nguo za mtoto wao mchanga, Hope. Kila akiinama kwenye beseni, hodi. Kila akiinuka, mzigo. Kufika alasiri gari lao lilikuwa limejaa mpaka viti vya nyuma havionekani.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la mkononi. Ferdinand alilinunua mwaka huo, baada ya kutengeneza milango na vitanda miaka mingi kule Chang'ombe. Alilipenda jamani! Kila jioni alilifuta vumbi kama anamwogesha mtoto. Lakini hakuwahi kulitoa nje ya Dar es Salaam. Na sasa lilikuwa linakwenda Dodoma.

Sababu ya safari ilikuwa mama yake Anjelina. Mama huyo alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho moja lilishafunga kabisa. La pili liliona kwa shida, tena mchana tu. Jua likizama, haoni kitu. Keshokutwa asubuhi alitakiwa kufanyiwa upasuaji. Daktari alimweleza vizuri, naye akakubali. Ila kwenye simu alimwambia binti yake maneno mengine.

"Anjelina mwanangu, mimi naogopa. Nataka nimwone mjukuu wangu kwanza, kwa hili jicho lililobaki. Nisipomwona, huko hospitali sikanyagi."

Anjelina alilia siku hiyo. Anamjua mama yake. Akisema hakanyagi, hakanyagi.

Ferdinand alirudi kutoka kazini na guta la matairi matatu nyuma yake. Juu ya guta kulikuwa na kitanda kipya cha mninga, kinang'aa.

"Baba Hope, hicho nacho kinakwenda?" Anjelina aliuliza.

"Mama akitoka hospitali atalala wapi? Kwenye kile chenye chaga zilizovunjika? Mie siendi ukweni mikono mitupu." Akakipandisha juu ya gari, akaanza kukifunga kamba.

"Haya. Tunaondoka saa ngapi?"

"Saa sita usiku. Watu wakishamaliza kutuaga, tunawasha gari. Usiku barabara nyeupe, jua hakuna. Kukicha tupo Dodoma."

"Na wewe utalala saa ngapi?"

"Nitalala nikifika. Nina vinywaji vyangu hapa vya kufukuza usingizi." Akamwonyesha makopo kwenye mfuko.

Usiku uliopita mumewe hakulala, alikuwa anamalizia hicho kitanda. Macho yake yalikuwa mekundu. Lakini aseme nini? Gari la mumewe, dereva mumewe. Yeye hata baiskeli hakujua kuendesha. Akaendelea kuanika nepi. Moyoni alikuwa na neno moja tu: tutakufa.

Mara ikasikika sauti nje. "Hodi humu! Wangoni mnahama? Nani kawatimua?"

Alikuwa Rosalia, jirani yao wa nyumba ya tatu. Rosalia ni Mhehe wa Iringa. Ferdinand ni Mngoni wa Songea. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, na wajukuu wakabaki watani. Na mtani, msomaji wangu, ana ruhusa ambayo hata mke hana. Anaweza kukusema mbele za watu, nawe ukacheka. Ukinuna, wewe ndiye mwenye makosa.

Tena Rosalia alikuwa dereva wa basi la mikoani. Barabara ya Dodoma aliijua kama njia ya jikoni kwake.

"Mama Hope, ficha mbwa!" Ferdinand aliita. "Mhehe kaingia!"

"Mbwa wenu wenyewe wamekonda, nitakula nini?" Rosalia alijibu. Akalizunguka gari taratibu. Akabonyeza tairi kwa mguu. Akatazama kitanda juu. "Mtani, hili gari au ghala? Tazama matairi yalivyobonyea! Na spea iko wapi?"

Ferdinand alikuna kichwa. "Iko Chang'ombe."

"Inafanya nini Chang'ombe?"

"Huwa naikalia nikipiga msasa."

"Makubwa! Mngoni kafanya spea kigoda!"

Anjelina alicheka, pamoja na hofu yake yote. Rosalia naye alicheka, kisha akamtazama Ferdinand usoni. Kicheko kikaisha.

"Umelala lini?"

Ferdinand akajifanya anakaza kamba. Hapo neno likamponyoka Anjelina. "Jana hakulala, dada. Na anataka tuondoke usiku huu."

"Sasa hapa sitanii," Rosalia alisema. "Usingizi haupigi hodi, mtani. Unakuchukua huku unajiona uko macho. Hayo makopo yanakudanganya. Yanauchelewesha tu, halafu unakuja wote kwa mpigo. Na huo usiku unaousifia, utaona wapi lori lililoharibika, halina taa, limesimama katikati ya barabara? Utamwona wapi ng'ombe? Sie wenye kazi, safari ikiwa ndefu tunakuwa madereva wawili. Wewe uko peke yako, hujalala, na umebeba mtoto."

"Lakini mama anatusubiri," Ferdinand alisema.

"Upasuaji lini?"

"Keshokutwa asubuhi," Anjelina alijibu.

"Kumbe! Basi kesho mchana kutwa ni wenu. Usiku mnakimbilia nini? Lala leo mapema. Ondokeni alfajiri, kukianza kupambazuka. Kila baada ya masaa mawili simameni, mnyooshe miguu. Penye alama ya hamsini, kwenye vijiji, nenda hamsini. Ukienda hivyo, jua halijazama mtakuwa mmefika."

Ferdinand alitazama mizigo, akashusha sauti. "Na hivi vya watu? Mtani, nikiwarudishia, mtaa huu nitaishi vipi?"

"Wewe huwezi. Mie naweza."

Basi Rosalia akafungua mlango wa gari, akaanza kushusha. Huku anashusha, anapiga kelele mtaa mzima usikie. "Mama Kondo! Njoo uchukue nazi zako! Mngoni alitaka kuzila njiani! Na nyie wenye dagaa, njooni! Wangoni hawana dogo!"

Watu walitoka, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Hakuna aliyenuna. Angenuna vipi, na mambo yenyewe ni ya watani? Rosalia akawaambia mizigo ina mahali pake, buti la basi. Kila mtu akabeba chake. Anjelina aliona kama yeye ndiye ametuliwa gunia kichwani.

Kikabaki kitanda. Ferdinand alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Hiki hapana, mtani. Hiki nimekitengeneza kwa mikono yangu."

Safari hii Rosalia alisema naye polepole. "Naona, na ni kizuri. Lakini mzigo mzito juu ya gari dogo unalifanya liyumbe. Ukipishana na lori, upepo wake unalisukuma. Ukikata kona ghafla, linapinduka. Nitakipakia kwenye basi langu. Mama atakilalia, nakuahidi."

Ferdinand alikipapasa kile kitanda. Kisha akaanza kufungua kamba mwenyewe.

Rosalia alikwenda kwake, akarudi na kiti cha mtoto cha kwenye gari, alichokiazima kwa mdogo wake. Akamfundisha Anjelina kukifunga kwenye kiti cha nyuma.

"Mtoto asipakatwe mbele," alisema. "Gari likifunga breki ghafla, mikono ya mama haina nguvu ya kumzuia. Na wewe kaa naye nyuma, funga mkanda. Halafu una kazi. Wewe ndiye konda."

"Mie?"

"Ndiyo. Kwenye basi langu konda akigonga bodi, nasimama. Sibishani. Ukimwona anapiga miayo, anajibu nusunusu, au gari linahama mstari, mwambie asimame."

"Dada Rosalia, mie gari silijui."

"Gari hulijui. Mumeo unamjua."

Jioni ile spea ilirudishwa kutoka Chang'ombe. Waliokuja kuaga walimkuta Rosalia kibarazani. "Msafiri kalala," aliwaambia. "Anawasalimu sana kutoka usingizini." Wakacheka, wakaondoka. Ndani, Ferdinand alikuwa anakoroma.

Alfajiri walijaza matairi upepo yakiwa bado ya baridi. Walihakikisha jeki ipo, pembetatu za kuweka barabarani zipo, mtungi wa kuzimia moto upo. Wakasali, wakaondoka.

Safari ilikuwa tamu. Kibaha walikuta foleni ya malori, Ferdinand akatulia. Chalinze walisimama, Hope akabadilishwa nepi, Ferdinand akazunguka gari na kugusa matairi. Morogoro walikula. Hapo ndipo fundi wetu alipokosea. Aliagiza ugali wa mtu aliyetoka kulima, na nyama ya kuchoma juu yake. Akaumaliza wote.

Walipita Dumila, wakapita Gairo. Jua lilikuwa kali na barabara imenyooka. Hope alikuwa amelala. Anjelina alimwona mumewe akipiga mwayo. Kisha mwingine.

"Baba Hope, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Tusimame?"

"Mmh."

"Baba Hope?"

Kimya. Gari likaanza kuhama. Polepole, kidogokidogo, likausogelea mstari wa katikati. Mbele yao lori lilikuwa linakuja.

Anjelina alikunja ngumi, akagonga paa la gari kwa nguvu zake zote. "Simama! Konda nimegonga! Simama!"

Ferdinand alishtuka, akarudisha usukani. Lori likapita na honi yake. Hope akaamka analia.

"Nilikuwa macho," Ferdinand alisema.

"Hukuwa macho. Ingia kwenye kile kituo cha mafuta, ulale."

"Mke wangu, Kibaigwa hii hapa. Tumebakiza kipande kidogo tu. Tukisimama sasa giza litatukuta, na gizani mama haoni. Tutakuwa tumekuja bure!"

Neno hilo lilimchoma Anjelina. Ni kweli. Alimwona mama yake akilini, amekaa mlangoni, anageuza uso kila gari likipita. Lakini alimtazama na mtoto.

"Asipotuona leo, nitambembeleza kesho," alisema. "Tukifa, nani atambembeleza? Ingia kituoni, baba Hope."

Ferdinand aliingia. Alizima gari kivulini, akalaza kiti. Anjelina hakuwahi hata kumaliza kufungua mkanda wa mtoto, mumewe alikuwa ameshalala fofofo. Mtu anayelala hivyo, dakika ileile, ndiye aliyekuwa ameshika usukani! Akamkumbatia Hope, akalia kimyakimya.

Simu iliita. Alikuwa mama yake.

"Mko wapi, wanangu? Naona jua linashuka."

"Kibaigwa, mama. Ferdinand alizidiwa na usingizi. Nimemsimamisha alale kidogo."

Anjelina alisubiri lawama. "Umefanya vizuri," mama alisema mwishowe. "Mimi nipo." Lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

Anjelina alimwacha mumewe alale kama nusu saa. Akamwamsha, akampa maji akanawa uso, wakatembea kidogo kuzunguka kituo. Macho ya Ferdinand yalikuwa meupe sasa. Waliporudi barabarani hakukimbiza gari. Penye hamsini alikwenda hamsini, ingawa jua lilikuwa linashuka mbele yao na Anjelina alilitazama muda wote. Kila kijiji alikiona kirefu.

Walifika Dodoma jua limebaki upande mmoja wa ukuta wa nyumba. Mama alikuwa nje, amekaa kwenye kigoda penye mwanga huohuo. Alikuwa ameufuata kila ulipohama.

"Mbukwenyi, wanangu," aliwasalimu kwa Kigogo. "Mleteni upesi."

Anjelina alimweka Hope mapajani mwake. Mama alimshika mtoto mashavu, akamsogeza mpaka pua zikakaribia kugusana. Akamtazama. Akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama tena. Hope akamshika pua, akacheka.

"Ana meno mawili," mama alisema. "Hamkuniambia ana meno." Machozi yakamtoka. "Haya. Kesho nipelekeni hospitali wakanilaze, hao madaktari wafanye kazi yao."

Akakaa naye hivyo mpaka mwanga wa ukutani ukaisha. Kisha akauliza, "Na aliyewaleta yuko wapi? Mbona simsikii?"

Anjelina alichungulia ndani. Ferdinand alikuwa amelala kwenye mkeka, viatu miguuni, mdomo wazi.

"Kalala, mama. Ngoja nimwamshe aje akusalimie."

"Ole wako!" mama alisema. "Mwache. Mjukuu wangu kafika mzima. Salamu gani nyingine naitaka?"